Kibuyu Kilichorudi Kitupu

Bibi Mwanaidi alikifunga kibuyu kwa kanga, akakipakata kama mtoto anayepelekwa kliniki. Rukaya mjukuu wake akacheka hadi akashika ukuta.

"Bibi, tunakwenda Korogwe kwenye mkataba wa biashara. Hatuendi kutazama mzazi."

"Mkono mtupu haulambwi," bibi akamjibu. "Na maziwa haya si yangu wala si yako. Mama Tajeu ameyatoa kwa moyo wake, amtumie huyo mwenzetu mpya. Yatafika kama alivyoyatuma."

Mama Tajeu ndiye Naisimoi, Mmasai wa huko nyikani, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Misima anapokaa Mwanaidi. Urafiki wao una miaka kumi na miwili, na ulianza kwa ubaya. Mwaka ule wa ukame ng'ombe wa kina Naisimoi waliingia shambani kwa Mwanaidi wakala mahindi mistari sita, wakaacha mabua yamelala kama mikeka. Kijiji kizima kilimwambia Mwanaidi aende kwa mtendaji. Lakini asubuhi yake, kabla mtu hajatumwa kokote, Naisimoi alitokea peke yake, vumbi hadi magotini, mkononi kibuyu cha maziwa ya mgando.

"Mama, shikamoo," alisema. "Ng'ombe wetu wamekula chakula chako. Mume wangu atakuja kuzungumza na wanaume. Mimi nimekuja kwako."

Mwanaidi alikuwa ameamka na maneno makali mdomoni. Akayaonja yale maziwa, yana harufu ya moshi, mazito, matamu kwa mbali, na maneno yakamwisha. Baadaye akakumbuka alivyofundishwa na mama yake: chombo cha jirani hakirudi kitupu. Akakijaza kibuyu kunde, akamrudishia mwenyewe. Wiki iliyofuata kibuyu kikaja tena na maziwa. Akakijaza mahindi, yale yaliyosalimika. Kikaenda, kikarudi, mpaka siku moja dereva wa lori aliyesimama kupoza injini akaonja kikombe kimoja na kuuliza, "Mama, haya yanauzwa?"

Hivyo ndivyo kibanda cha mtindi cha Bibi Mwanaidi kilivyozaliwa, kando ya barabara ya Handeni na Korogwe. Naisimoi na wake wenzake huleta maziwa, Mwanaidi huyauza, wakagawana. Kiangazi kikikaza, ng'ombe hupelekwa mbali kutafuta maji na maziwa hupungua. Siku hizo Mwanaidi huwaambia wateja, "Leo hakuna, ng'ombe wamehama," akawauzia mihogo ya kuchemsha. Haikuandikwa karatasi yoyote. Hawakuwahi kugombana.

Sasa Rukaya alikuwa na miaka ishirini na minne. Bibi ndiye aliyemlea tangu akiwa na meno mawili. Alisomea mambo ya mifugo huko Morogoro, akarudi na cheti, na kwa mwaka na nusu cheti kile kilikaa kwenye bahasha juu ya kabati. Mustafa, mtoto wa shangazi yake aliyeko Mbagala, alikuwa amemtafutia kazi kwenye duka la simu. Begi lilikwisha kupangwa. Lilikaa chini ya kitanda, na kila Mwanaidi alipofagia chumba, ufagio uligonga begi lile na kitu kikagonga moyoni mwake.

"Hili la Korogwe likikaa sawa, Bibi, nabaki," Rukaya alikuwa amesema. "Lisipokaa, mwezi wa nane naondoka."

Kwa hiyo Mwanaidi alipopanda gari asubuhi ile, aliomba dua moja tu: likae.

*

Bernardo, mwenye duka kubwa la vinywaji Korogwe mjini, aliwapokea vizuri. Alikuwa mtu wa makamo, mnene, mcheshi, shati limenyooshwa. Alimwamkia Mwanaidi kwa mikono miwili, akamtafutia kiti chenye egemeo, na alipoona feni inampuliza kifuani akaigeuza mwenyewe. Mwanaidi aliliona hilo. Aliona pia binti mwembamba aitwaye Yusta, mfanyakazi wa pale, alivyomletea maji ya kunywa kisha akakumbuka kuleta na ya kunawa.

Kibuyu kikapokelewa. Bernardo akamiminiwa kikombe, akanywa, akafumba macho.

"Lahaula!" akasema, ingawa alikuwa Mkristo, na wote wakacheka. "Bibi, haya ndiyo maziwa ya babu zetu. Haya yanatakiwa Segera. Mabasi yanasimama pale, ya Arusha, ya Tanga, ya Dar, na abiria ana kiu. Ninazo friji mbili kwenye hoteli za pale, na Hale kwenye nyumba za wafanyakazi wa umeme nina wateja. Yusta, mimina haya kwenye ndoo, kibuyu cha watu kioshwe kirudi."

Kisha akatoa karatasi. Rukaya akaisoma kwa sauti, taratibu, kwa sababu bibi yake alikuwa amesahau miwani. Mtindi utaitwa Kibuyu cha Handeni. Utauzwa kwenye vikopo vyenye lebo. Kwenye lebo kutakuwa na picha ya mama wa Kimasai ameshika kibuyu. Rukaya ndiye atakayesimamia utengenezaji na kulipwa kila mwezi.

Hapo kwenye "kila mwezi" sauti ya Rukaya ilitetemeka kidogo, na Mwanaidi akamshika goti.

"Picha tayari tunayo," Bernardo akasema. "Ile uliyonitumia kwenye simu, ya yule mama anacheka. Nzuri mno ile."

"Ni Mama Tajeu," Rukaya akasema.

"Na kiangazi?" Mwanaidi akauliza. "Ng'ombe wakihama?"

"Aa, Bibi, friji haijui kiangazi. Hotelini ukisema leo hakuna, kesho wanamchukua mwingine. Kiangazi tutatumia maziwa ya unga. Rukaya kasomea, atayapika vizuri, tutatia na ile ladha ya moshi, zipo za chupa. Hakuna atakayejua." Akacheka bila ubaya. "Na kusema kweli, tukishazoea, hata masika unga ni rahisi kuliko kumngoja mtu atembee porini saa mbili."

"Basi Mama Tajeu yuko wapi humo kwenye karatasi?"

Rukaya alitazama ukurasa wa kwanza, akageuza wa pili.

"Yuko kwenye lebo, Bibi," akasema kwa sauti ndogo.

Mwanaidi alijua la kusema. Lilikuwa pale kwenye ulimi, fupi, wala halikuhitaji miwani. Lakini aliliona begi lililo chini ya kitanda, akaiona nyumba bila kicheko cha asubuhi, bila mtu wa kumwita "Bibi, chumvi iko wapi?" wakati chumvi iko mbele ya macho yake. Akalimeza.

Akasema tu, "Mwanangu Bernardo, sisi tulitumwa na kibuyu cha mtu. Tukirudishe kwanza kwa mwenyewe, halafu mjukuu wangu akupe jibu kesho."

"Hakuna shida, Bibi. Kesho si mbali."

Akawapakia kwenye gari lake hadi Segera, wazione friji, kisha wapande gari la kupitia Mkata kurudi Handeni. Friji zilikuwa nzuri, zina taa ndani. Rukaya alifungua mlango wa moja akasimama mbele yake, baridi ikimpiga usoni, na Mwanaidi akageuka akatazama barabara.

Bernardo alipokwisha kuaga, wakabaki wawili chini ya kivuli cha bati. Rukaya akakifungua kibuyu kwenye kanga. Akakinusa.

"Bibi. Kinanuka sabuni."

Mwanaidi akanusa. Ndimu ya chupa, kali, hadi puani juu. Kibuyu cha maziwa hakioshwi kwa sabuni hata siku moja. Husuguliwa ndani kwa kijinga cha moto cha mti ambao Wamasai huuita oloirien, kikafukizwa, makaa yakapigwa na kukung'utwa, na kile kinachobaki ndani ndicho kinachoyatia maziwa harufu. Kibuyu hiki kilikuwa cha mama mzazi wa Naisimoi. Kilikuwa na miaka mingi ya moshi ndani yake, na sabuni ilikuwa imeiondoa kwa dakika tano.

"Yule binti hakujua," Mwanaidi akasema. "Alitaka kiwe kisafi. Alikifuta hadi nje, ona shanga zinavyong'aa."

"Na ni kitupu, Bibi."

"Nimeona."

Rukaya alikigeuzageuza. Alikuwa amelelewa na Mwanaidi. Tangu mdogo alikuwa ndiye anayetumwa kurudisha bakuli za watu, na hakuna siku alirudisha bakuli bila kitu ndani, hata kama ni ndimu mbili. Akanyanyuka, akaenda dukani kwa Mpemba wa pale kona, akarudi na kilo moja ya sukari na paketi ya majani ya chai. Akavifunga vizuri kwa ukanda wa kibuyu.

"Tusimwambie Mama Tajeu kuwa hakikutiwa kitu," akasema. "Atajisikia vibaya."

Mwanaidi aliutazama ule mfuko wa sukari njia nzima, hadi Mkata, hadi Handeni, hadi nyumbani. Baadaye hakukumbuka walizungumza nini.

*

Asubuhi Naisimoi alifika jua likiwa limekwisha kupanda, madebe mawili ya maziwa kwenye punda, na shingoni shanga zake zote, kwa sababu alikuwa na hamu ya habari.

"Takwenya!" akampigia Rukaya kelele tangu barabarani.

"Iko," Rukaya akaitikia. Salamu hiyo alifundishwa naye akiwa wa miaka kumi na mbili. "Shikamoo, Mama Tajeu."

"Nipe habari za mtu wa Korogwe. Ana ng'ombe wangapi?"

"Hana hata mmoja."

"Maskini! Basi ndiyo maana anatuhitaji." Akacheka, akakaa, akapokea kibuyu chake kwa mikono miwili. Akakileta puani kabla ya kitu kingine chochote, kama mtu anavyonusa kichwa cha mtoto.

Mwanaidi alimwona anavyotulia. Kitambo kidogo tu. Kisha akatabasamu, kwa ajili yao.

"Lo! Kibuyu changu kimeoga," akasema. "Kimefika mjini, kikaona wenzake wananukia, nacho kikaomba sabuni. Sasa nitakifanyaje? Ndama watakikimbia, watadhani ni bibi harusi."

Rukaya hakuweza kucheka. Naisimoi akaona sukari na majani ya chai, uso ukamchangamka.

"Na ametia hivi! Basi mtu huyu ana moyo. Sabuni hakujua, lakini sukari anaijua. Mtu anayejaza chombo cha mwenzake, huyo unaweza kufanya naye kazi. Mwambieni amepata rafiki, mwambieni Naisimoi amesema ndiyo."

Mwanaidi akalimeza neno kwa mara ya pili ndani ya siku mbili. Akilini alijihesabia visingizio kama mtu anayechambua mchele: kwamba ni sukari tu, kwamba Bernardo si mtu mbaya, kwamba Naisimoi atapata pengine kidogo, kwamba mtoto atabaki. Mzee mzima, aliyemfundisha mjukuu wake kusema kweli kwa fimbo na kwa asali, alikaa pale kwenye kigoda akitazama vidole vya miguu yake.

"Si yeye," Rukaya akasema.

Naisimoi akamgeukia.

"Si yeye aliyetia sukari. Nimenunua mimi, Segera. Kibuyu kilirudi kitupu, Mama Tajeu, nikaona aibu." Machozi yalikuwa yakimtoka lakini sauti ilikuwa imara. "Nilitaka kukuficha. Umesema ndiyo kwa ajili ya sukari yangu, yaani umesema ndiyo kwa uongo wangu. Na kuna mengine zaidi."

Akamweleza yote: lebo, picha yake akicheka, maziwa ya unga, moshi wa chupa, karatasi yenye kurasa mbili na yeye hayumo.

Naisimoi alisikiliza hadi mwisho.

"Yaani mimi nicheke kwenye kikopo," akasema polepole, "na ndani hamna ng'ombe?"

"Ndiyo."

"Na mtu akila akaumwa tumbo, ataona sura yangu?"

Mwanaidi ndiye aliyeanza kucheka. Hakutaka, kicheko kilimtoka tu, cha aibu na cha ahueni pamoja, na Naisimoi akafuata, na mwisho Rukaya akacheka na kulia, akijifuta kwa upindo wa kanga ya bibi yake.

"Nisameheni nyote wawili," Mwanaidi akasema walipotulia. "Mimi nilijua tangu jana mezani. Nilinyamaza kwa sababu ya begi."

"Begi gani, Mama?" Naisimoi akauliza. Walipomwambia, akatikisa kichwa, shanga zikalia.

Rukaya akampigia Bernardo simu palepale. Akamwambia kwa adabu: mtindi wa kweli, wa maziwa ya kweli, majina ya watu wote kwenye karatasi, na kiangazi yakikosekana yamekosekana. Kwa njia hiyo yuko tayari hata leo. Bernardo alimsikiliza. Hakukasirika. Alisema, "Binti yangu, ninakuelewa, lakini biashara yangu haiwezi kungoja mvua. Ukibadili mawazo, namba unayo. Nisalimie Bibi." Simu ikakatika, na friji zenye taa zikazimika pamoja nayo.

"Basi," Rukaya akasema. Akaweka simu kifudifudi. "Mwezi wa nane umebakiza wiki mbili."

Naisimoi alikuwa amenyanyuka kumfungua punda. Akarudi, akamwekea kibuyu mapajani.

"Hiki kinabaki na wewe."

"Mimi?"

"Nani alikipeleka kuogeshwa, mimi? Wewe ndiye utakayekifukiza. Kila siku asubuhi, kijinga kimoja, usugue, ukung'ute. Nitakuletea kuni za oloirien. Siku kitakapoacha kunuka ndimu utanirudishia, halafu nenda popote unapotaka. Kibuyu cha mama yangu hakiachwi njiani."

"Itachukua muda gani, Mama Tajeu?"

"Kibuyu hakina saa," Naisimoi akasema, akamkonyezea Mwanaidi.

*

Ijumaa ya wiki ile aliteremka binti mmoja kwenye gari, ameshika mfuko wa nailoni. Alikuwa Yusta. Alipiga magoti kumwamkia Mwanaidi, akasema kwa haraka, kama mtu aliyejifunza maneno njia nzima.

"Bibi, nimekuja kwa ajili ya kibuyu. Nilimsikia Dada kwenye simu ya bosi, nikakikumbuka. Kwetu Bumbuli pia chombo hakirudi kitupu, nami nilikirudisha kitupu kwa kuwa nilikuwa na haraka. Sijalala vizuri." Akatoa kwenye mfuko maharage, kilo mbili nzima, mekundu ya milimani. "Naomba mnipokelee."

Mwanaidi alimwinua, akamketisha, akamtilia bada, ule ugali wa muhogo, na mlenda, akamtazama akila. Kuna watu, alifikiri, wanaokurudia kwa sababu ya kilo mbili za maharage wasizodaiwa na mtu.

Yusta alipokuwa akinawa alisema jambo ambalo wala hakulipa uzito. Mama yake alikuwa na mgahawa mdogo Hale, wa chai na chapati. Alionja yale maziwa, Yusta alimpelekea kikombe kimoja. Anauliza kama anaweza kupata dumu moja kila wiki.

"Kiangazi hakuna," Rukaya akamwambia upesi. "Yakiwepo ni kidogo. Wiki nyingine hata kikombe."

"Nilimwambia. Anasema ataandika ukutani: ng'ombe wamehama. Wateja wake wengi ni wakulima, watajua."

Dumu moja kwa wiki si friji mbili. Rukaya alilijua hilo, na Mwanaidi alilijua. Lakini walipokaa watatu Jumatatu iliyofuata, bibi, mjukuu na Naisimoi, Rukaya alitoa daftari akaandika majina manne, na la kwanza lilikuwa la Naisimoi, la mwisho la mama yake Yusta. Naisimoi akaomba aoneshwe jina lake ni lipi. Akaligusa kwa kidole.

"Hapa niko ndani," akasema.

Mwezi wa nane ukaingia, ukapita. Kila asubuhi Mwanaidi aliamshwa na harufu ya kuni za oloirien na sauti ya kijinga kikikwaruza ndani ya kibuyu. Moshi uliingia kwenye mapazia, kwenye mto wake, hadi kwenye chai. Hakulalamika.

Mustafa alipiga simu kutoka Mbagala mwanzoni mwa vuli, mawingu yakiwa yamekaa juu ya Misima. Rukaya aliweka sauti ya nje kwa sababu mikono yake ilikuwa na masizi.

"Dada, vipi wewe? Dukani wananiuliza. Unakuja lini?"

Rukaya alikileta kibuyu puani. Alinusa kwa muda mrefu, macho amefumba, uso wa mtu anayefanya kazi kubwa.

"Bado kinanuka kidogo," akasema.

Bibi Mwanaidi alikuwa amekinusa mwenyewe wiki iliyopita, mjukuu akiwa kisimani, na hakukuta ila moshi. Akainama akaendelea kuchagua maharage ya Bumbuli kwenye ungo. Baadaye, alipofagia chumba, ufagio ulipita chini ya kitanda bila kugonga kitu. Begi lilikuwa limetundikwa ukutani, na ndani yake vilikuwamo vikombe vya kupimia maziwa.